Bomba la Kichochoro cha Wino

Akinyi, uliyeachiwa ufunguo wangu, uliniomba nikuandikie mabomba ya mjini yako wapi. Ramani ya ofisi ilikwisha kuliwa na mende, kwa hiyo iliyobaki ni ya kichwani mwangu, na kichwa hakirudishwi stoo siku ya kustaafu pamoja na gambuti na kofia. Nitaiandika. Ila siwezi kukutajia bomba bila kukutajia nani alilizika, nani alilifufua, na nani, mara moja, aliliua. Vyeo nitaviruka kwa kuwa vilikuwa vichache. Mshahara nitauruka kwa kuwa unaujua. Sasa ni wako.

Wenzako pale stesheni watasomea begani kwako, na wengine ni wageni kabisa, basi nianze chini. Kazi yetu ni bomba la zimamoto, lile ambalo gari jekundu likifika penye moto huchomeka mpira wake. Halionekani. Liko chini ya kifuniko cha chuma kisichozidi ukubwa wa Biblia ya madhabahuni, kando ya barabara, na watu hulikanyaga maisha yao yote wakidhani ni mlango wa panya. Gari letu hubeba maji ya dakika chache tu. Yakiisha, ama kuna bomba, ama kuna umati wa watu wanaotazama.

Nilifika kazini siku ya kwanza na viatu vilivyong'arishwa. Nilikuwa nimetoka Vihiga miaka miwili nyuma, nikabeba mawe, nikapaka rangi nyumba za watu mtaani Jamhuri, na shemeji akasikia kuna idara inayotafuta mtu wa brashi. Nilidhani nitapaka kuta za ofisi. Mzee Njuguna, fundi wa mabomba, alivitazama viatu vyangu kwa huruma, akaniambia nivipeleke nyumbani vikapumzike. Akanipa gambuti mbili za mguu wa kushoto. Nikavaa mbili za kushoto kwa mwezi mzima, na hadi leo nikichoka naelekea kulia.

Njuguna alizaliwa Dagoretti, shambani kwa baba yake, na alikuwa amelitazama jiji likimfuata mpaka kwenye ua wa ng'ombe. Hakulipenda wala hakulichukia. Alilijua kama mtu anavyomjua jirani mkorofi. Alinipa mkebe wa rangi ya manjano, brashi, na ufunguo: chuma kirefu kufika kifuani, chenye mpini uliokingama juu. Mzigo huo nimeubeba muda mrefu kuliko nilivyombeba mtoto wangu yeyote.

Jambo la kwanza alilonifundisha si kufungua. Ni kusikiliza. Unashusha ufunguo mpaka ukae kwenye kichwa cha bomba, kisha unaweka sikio juu ya mpini, katikati ya River Road, honi na mahubiri na wapiga debe wakikuzunguka, na unangoja. Maji yakiwepo, chuma kinavuma kwa mbali, kama mtu anayeimba akiwa chumba cha tatu. Yasipokuwepo, unasikia damu yako mwenyewe. Wapita njia walikuwa wakituuliza kama tunaongea na wafu. Njuguna aliwajibu ndiyo, na kwamba wanaulizia kodi ya nyumba.

Jambo la pili: kila bomba lifunguliwe kila miezi mitatu, liachwe litoe maji mpaka yawe meupe, lifungwe, lipakwe grisi, kifuniko kipakwe rangi. Nilimuuliza kwa nini tusiyaache mabomba mazima yapumzike. Akasema bomba si mtumishi wa serikali, halipumziki likabaki zima. Nilicheka. Ningekuwa nimeyaandika maneno yale kwenye kiganja, mtu mmoja angekuwa na mikono mizuri leo.

Kwa miaka hiyo tulitembea jiji lote, na ukitaka kulijua jiji, litembee ukitafuta kitu ambacho kila mtu amekikalia. Magharibi, kule Hurlingham, mabomba yetu yalizikwa kwa adabu. Mtu ananunua ploti, anajenga ukuta, anapanda maua, na bomba linabaki ndani ya bustani yake chini ya waridi. Ukibisha, askari wa lango anakuomba barua. Ukirudi na barua, unapewa wakili. Bomba moja kwenye barabara ya Argwings Kodhek lilijengewa ukuta wa jumba la ofisi mpaka likabaki nusu ndani, nusu nje, kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. Mjini, River Road na vichochoro vyake, waliyazika bila adabu lakini kwa ukarimu. Mama wa chapati ameweka jiko juu ya kifuniko. Ukimwambia hili ni bomba la moto, anasogeza jiko, anakupa chapati, na ukigeuka amelirudisha.

Nilipokuwa kijana, wakubwa wa jiji walikuwa na ofisi zao hapa hapa mjini. Walinunua mashati hapa, walikunywa chai hapa, na bomba la maji taka likipasuka lilipasuka puani mwao. Kisha mmoja mmoja wakahama. Mawakili wakaenda, madaktari wa meno wakaenda, mabenki yakaenda, na wakubwa wakaifuata chai yao mpaka Hurlingham na kule mbele. Mji ukabaki na sisi. Taa ikifa, inakaa ikiwa imekufa. Takataka zikilundikana, mkutano unaitishwa, nao unafanyika penye maegesho mazuri. Nimekaa kwenye mikutano hiyo. Nimesikia River Road ikiitwa changamoto na mtu ambaye hajaiteremka kwa mguu tangu alipokwenda kununua sare ya shule. Sisemi kwa uchungu wa mzee. Nasema kwa sababu nilikuwa nikitoka pale na kushuka mjini, na mji ulikuwa unafanya kazi kuliko mkutano.

Sasa nije kwenye kichochoro chenyewe. Kwenye karatasi za jiji hakina jina. Sisi tulikiita Kichochoro cha Wino kwa sababu vyumba vyote vya chini ni vya wachapishaji. Watu wa mji huu huoa na kuzika kwa karatasi za pale: kadi za harusi mlango huu, ratiba za mazishi mlango wa pili. Juu yao kuna lojingi, nyumba ya vyumba vya kulipia kwa usiku, ghorofa nne, ngazi moja, madirisha yote yana vyuma. Chini kumejaa karatasi, gundi na mafuta ya kusafishia mashine, juu kumejaa watu. Bomba ni moja tu, mdomoni mwa kichochoro. Lililo karibu nalo liko mbali kiasi kwamba mpira wa gari unafika ukiwa umekwisha.

Na pale kwenye bomba alikuwepo Mama Ciru. Alikuwa mwuza maji, mwanamke mpana, na alikuwa na ufunguo wake aliochongewa na mfua vyuma. Kila asubuhi alifungua bomba la zimamoto, akajaza mitungi, akapakia mkokoteni, akauzia hoteli na lojingi. Njuguna alikuwa akimpita akimsalimu kama hajamwona. Njuguna akastaafu, nikashika nafasi yake, na ukaja waraka kutoka juu kwamba wizi wa maji ukome.

Nilikuwa na bidii, Akinyi. Hilo ndilo nililokosea. Mvivu angeutia waraka kwenye droo. Mimi nilitengeneza mkanda wa chuma juu ya kifuniko, nikatia kufuli, na ufunguo wa kufuli nikaupeleka makao makuu kama waraka ulivyotaka, ambako uliwekwa kwenye kabati la afisa mmoja, na kabati likawa na fomu yake. Kulipima bomba langu mwenyewe ikabidi niombe kwa nakala tatu. Nikaomba mara mbili. Mara ya tatu nikaona aibu kuendelea kusumbua watu, nikaandika kwenye daftari kwamba bomba limefungwa salama, na nikalihesabu miongoni mwa mazuri.

Siku nilipokuwa nafunga, Mama Ciru alikaa juu ya mtungi akanitazama mpaka nikamaliza. Hakupiga kelele. Aliniambia niangalie nisije nikafungia vidole vyangu, akasukuma mkokoteni wake kwenda bomba la barabara ya chini, ambalo sikuwa na chuma cha kulifunga.

Moto ulikuja saa nne asubuhi, mwaka wa tatu baada ya kufuli. Ulianza kwa Barasa, mchapishaji wa ratiba za mazishi, mtu wa kwetu, aliyekuwa akinihifadhia magazeti ya zamani nifungie nyanya. Gari letu lilifika upesi, msiamini wanaosema kila mara tunachelewa. Vijana wakakata kufuli kwa mkasi wa chuma. Nikashusha ufunguo mimi mwenyewe, nikazungusha. Haukuzunguka. Tukaushika wawili, tukaushika wanne, mpini ukapinda, na kichwa cha bomba hakikutikisika hata kidogo. Kutu ilikuwa imeshika kila jino. Niliweka sikio kwa mazoea tu, na Mungu anisamehe, nikayasikia maji. Yalikuwepo. Yalikuwa yanavuma pale chini, hatua moja kutoka miguuni mwangu, na hayakuwa na njia ya kutoka.

Tangi la gari likaisha. Watu wa lojingi walikuwa wakiteremka ngazi moja ile wakiwa wamejifunika mashuka kwa ajili ya moshi. Ndipo nikaona mikokoteni. Wauza maji wote wa barabara ya chini walikuwa wanakuja mbio, mitungi imejaa, Mama Ciru mbele, na wakajipanga mstari mpaka mlangoni kwa Barasa. Kila mtungi uliomwagwa ulitoka kwenye bomba ambalo nilikuwa nimekosa chuma cha kulifunga. Ngazi ikapona, na watu wote wakatoka. Barasa alirudi ndani kutafuta vyuma vyake vya herufi na akatoka bila ngozi ya viganja.

Moto ulipolala, Mama Ciru alikuja niliposimama na ufunguo wangu uliopinda. Alikuwa amelowa mpaka kitambaa cha kichwa.

"Mimi nilikuwa nafungua hii kitu kila asubuhi," akasema. "Wewe ulifungua lini?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta jibu na sijapata zaidi ya lile daftari.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Dagoretti kumwona Njuguna. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku akikoroga chai isiyokuwa na sukari, kwa hiyo nikajua anafikiri. Nilidhani atanilaumu au atanifariji, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Aliniuliza tu: "Sasa nani atalifungua?"

Nilipeleka ombi la kichwa kipya cha bomba. Nikapeleka tena. Mwishoni nilikwenda kwa lile bomba la Argwings Kodhek lililokwama ukutani, nikafungua upande wake wa nje, nikatoa uti wake wa kuzungushia na kichwa, nikavipeleka River Road begani. Nilimwibia maiti moyo nikampa mgonjwa. Kama kuna atakayetaka kunichukulia hatua, nyumbani kwangu Jamhuri panajulikana, na maji yanafika huko siku mbili kwa wiki, kwa hiyo aje na yake ya kunywa.

Halafu nilimwendea Mama Ciru. Nilimwambia kufuli halirudi, na kwamba ningependa aendelee kulifungua kila asubuhi, ajaze mitungi yake kiasi, alifunge vizuri, na likianza kuwa gumu aniite. Alinitazama kama mtu anayepewa noti ya bandia, akaniita kwa jina wanaloitwa watu wote wa baraza la jiji.

"Kanjo, unataka nikuibie maji?"

"Nataka unifanyie kazi yangu."

"Na grisi nani analeta?"

Grisi nilileta mimi. Mwaka ule niliwaendea wauza maji wote wa chini ya mji, mmoja mmoja, na kila mmoja akawa na bomba lake. Hakuna waraka ulioruhusu, na kwenye faili hutakuta kitu. Ukisikia watu wakijiuliza kwa nini mabomba ya River Road yalikuwa hai wakati ya Hurlingham yamekufa chini ya waridi, hiyo ndiyo siri. Yalikuwa hai kwa sababu maskini waliyafungua kila siku. Barasa alirudi kwenye mashine baada ya mwaka, viganja vyake vya rangi mbili, na alinihifadhia magazeti kama zamani. Hilo lilinilaza macho kuliko kama angenitukana.

Basi miaka ikapita hivyo, na ningeweza kuishia hapo. Lakini wakubwa waliokuwa wameuhama mji waliukumbuka.

Ulikuja mradi wa kuurembesha. Kabro mpya za rangi za kutandika njia, viti, masanduku ya zege ya kupandia maua. Sina ugomvi na maua. Kichochoro cha Wino kiliwekwa wa kwanza kwenye orodha kwa kuwa wageni wakubwa wangekuja kukitembea, na mchoro wake ulitundikwa ofisini: watu weupe wa karatasi wakitembea chini ya miti ambayo haikuwepo. Niliutafuta mdomo wa kichochoro. Pale penye bomba palichorwa sanduku la maua.

Msimamizi alikuwa kijana mmoja nadhifu, mwenye salamu nzuri, ambaye sisi tulimwita Bwana Mradi. Alikuja na fomu mezani kwangu wiki tatu kabla sijastaafu. Fomu ilisema bomba la pale limehamishwa, na pa kutia saini palikuwa pa fundi mkuu wa mabomba, yaani mimi. Nikamwomba anipeleke nikalione lilikohamia. Akacheka, akasema litahamishwa kwenye awamu ya pili. Awamu ya pili ni mahali nimepasikia pakitajwa tangu nikiwa na gambuti mbili za kushoto, na sijakutana na mtu aliyewahi kufika.

Nilimweleza kuhusu lojingi na ngazi moja. Nilimweleza kuhusu mafuta ya mashine. Alisikiliza vizuri, kwa sababu alikuwa na adabu, kisha akasogeza kalamu.

"Mzee wangu, hii ni kitu ndogo. Weka saini, uende nyumbani na heshima yako. Utaharibu wiki tatu za mwisho juu ya bomba moja?"

"Moja nimeshaharibu," nikamwambia. "Inatosha."

Akaondoka akisema ataniacha nifikirie. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameanza bila saini. Nilishuka nikakuta kichochoro chote kimekwanguliwa na kumwagiwa vumbi la mawe na mchanga, umesawazishwa kama meza, na kabro zimepangwa ukutani zikingoja kulazwa kesho yake. Kifuniko chetu kilikuwa chini ya mchanga. Mama Ciru, ambaye sasa magoti yamemkataza mkokoteni na anauza maji akiwa amekaa, alikuwa ameweka mtungi mtupu juu yake ili kisisahaulike.

Nilirudi ofisini nikafungua daftari. Sikuhitaji kudanganya. Vipimo vya miezi mitatu vya bomba lile vilikuwa vinatakiwa wiki ile ile. Kanuni, ambayo naijua kama jina la mama yangu, inasema bomba likipimwa liachwe mpaka maji yawe meupe, na asiwepo wa kulifunga ila fundi anayelipima. Haisemi chochote kuhusu mchanga wa mtu.

Nilifika saa mbili asubuhi na ovaroli safi na ufunguo. Mafundi wa kabro walikuwa wameanza kupiga uzi wa kunyooshea kabro. Niliwasalimu, nikafukua kifuniko kwa mikono, nikashusha ufunguo, nikaweka sikio. Ulikuwa unavuma. Nikazungusha, na kwa kuwa bomba lilikuwa limefunguliwa kila asubuhi kwa miaka yote hiyo, ulizunguka kwa vidole viwili.

Maji yalitoka mekundu kwa kutu ya mkondo mkuu, ambayo kujaza mitungi hakuiamshi, kisha yakawa ya chai, na yalitoka kwa nguvu ambayo watu wa mji huu hawajawahi kuona ikitoka kwenye kitu cha serikali. Yaliingia kwenye mchanga uliosawazishwa, yakachimba, yakauchukua kama uji, yakaushusha River Road. Watu walipanda juu ya ngazi za maduka. Lojingi ikamwagika: wanawake wakateremka na beseni, mtu mmoja akaleta pikipiki yake akaanza kuiosha kwa utaratibu kabisa. Barasa alisimama mlangoni, mikono amekunja, akitazama maji yakipita.

Bwana Mradi alifika viatu vyake mkononi.

"Mzee, funga hiyo maji!"

"Bado hayajakuwa meupe."

"Umeharibu kazi ya siku mbili!"

Nikamwonyesha kanuni, niliyokuwa nimeitia kwenye mfuko wa nailoni kwa kuwa najua kazi yangu. Aliisoma akiwa amesimama kwenye maji, aya yote, na nilimheshimu kwa hilo. Fundi mmoja mzee aliyekuwa ameshika uzi akaniambia nisiharakishe, wao wanalipwa kwa siku. Naye Mama Ciru, kutoka kwenye mtungi wake, akampa ushauri wa bure.

"Wewe mtoto, usibishane na huyu. Hata mimi alinifungia maji miaka mitatu. Kichwa yake ni ngumu, lakini leo iko upande wetu."

Watu walicheka, na nikacheka nao, ingawa ilinichoma mahali pake. Maji yakawa meupe. Niliyaacha kidogo zaidi ili kila mtu ashuhudie, kisha nikafunga, nikapaka grisi, nikapaka kifuniko rangi ya manjano polepole, nikaandika kwenye daftari: linafanya kazi.

Kabla jua halijazama nilikuwa na barua ya uhamisho. Wiki zangu mbili za mwisho nilizimalizia karibu na kwangu, uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, nikikagua mabomba ambayo yote ni mazima kwa sababu wakubwa hukaa kwenye hema lililo karibu nayo. Nilikagua vizuri. Mlikuja kuniaga kwa keki, na hamkunihutubia kwa muda mrefu, asanteni.

Kabro zilirudi. Yule fundi mzee wa uzi, bila kuamriwa na mtu, alizikata pembe moja moja akazizungushia kifuniko, na kikabaki wazi katikati kama jino la dhahabu. Wageni wakaja, utepe ukakatwa, na picha zikapigwa upande wa pili wa kichochoro. Lakini mchoro haujabadilika. Sanduku la maua la zege limekwisha kuletwa, limewekwa ukutani, hatua tatu kutoka kwenye bomba, tupu, na linangoja kusogezwa. Na fomu bado haijatiwa saini. Bila saini ya fundi mkuu wa mabomba, mradi haufungwi, na mwenye mradi anataka sana kuufunga.

Kwa hiyo italetwa kwako, Akinyi. Atakuja na salamu nzuri, atakuita dada, na atakuambia mzee aliyekuwa hapa alikuwa mkorofi na amekwenda zake. Ramani ya mabomba mengine nimeiambatisha nyuma, kurasa sita, soma kwa taa. Hili moja halihitaji ramani. Shuka uende ukaliwekee sikio mwenyewe, kisha panda ngazi ile moja mpaka ghorofa ya nne, polepole, ukihesabu milango. Ukishuka, utajua la kumwambia.

Na akikuuliza ni nani mwingine anayekataa, mlete kichochoroni. Atanikuta pale tangu saa mbili, nimekalia sanduku lake la maua. Nimestaafu. Nina siku nzima.